"Nikiomba wananicheka": uchambuzi wa kisa cha utani wa kabila katika Kidato cha Pili

Kisa hiki ni cha shule ya kata jijini Dar es Salaam. Nimekiunganisha kutokana na mambo yanayotokea katika shule zaidi ya moja, ili asiwepo mtoto wala mwalimu atakayenyooshewa kidole. Ndiyo maana wahusika hawana majina: yupo msichana, yupo kijana wa viti vya nyuma, yupo mwalimu wa Jiografia, na yupo mwalimu wa darasa, ambaye anafundisha Hisabati. Walimu wengi wa Tanzania watakitambua. Hakina ngumi wala matusi ya nguoni, na hakuna barua iliyofika ofisi ya mkuu wa shule. Ni kicheko cha sekunde chache, na yaliyofuata baada ya kicheko kile.

Kilichotokea

Ilikuwa kipindi cha kwanza baada ya mapumziko, darasa la wanafunzi zaidi ya sabini. Mada ilikuwa kilimo katika maeneo yenye mvua chache. Mwalimu wa Jiografia ni kijana, anaandaa vipindi vyake vizuri na wanafunzi wanampenda. Anafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa sekondari, lakini akiona macho yamelegea anarukia Kiswahili kuwaamsha.

Aliandika "Dodoma" ubaoni, akageuka, akamtazama msichana wa safu ya pili. Jina la ukoo wake linaanza na "Chi", na kwa mtu aliyezoea majina ya nchi hii hilo linatosha. "Wewe si mtu wa Dodoma? Simama utuambie, njaa ya kule ikoje?"

Msichana akasimama. Kabla hajapata la kusema, kijana mmoja nyuma akanyoosha kiganja, akaiviringa sauti yake kizee: "Naomba mia tu, baba, naomba mia." Darasa likaangua kicheko. Mwingine akamalizia: "Matonya!"

Walio nje ya Tanzania waelezwe kwamba Matonya alikuwa ombaomba aliyejulikana kuliko wote Dar es Salaam, mtu wa Dodoma, ambaye mamlaka za mkoa zilimrudisha kwao naye akarudi tena mjini. Watoto wa leo hawajawahi kumwona. Wamelirithi jina lake tu, na jina hilo limekuwa fimbo ya kuwapigia Wagogo wote, kabila la wenyeji wa Dodoma.

Mwalimu alitabasamu. Akasema, "Haya jamani, utani baadaye. Kaa chini, binti." Kipindi kikaendelea, na kwa upande wake jambo likaisha hapo.

Kwa msichana halikuisha. Kuanzia siku ile akawa Matonya kwenye foleni ya uji, Matonya bombani, Matonya akipita mlangoni kwa mkondo mwingine. Aliacha kunyoosha mkono katika Jiografia, kisha katika masomo mengine. Na likafuata jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: aliacha kuomba kitu chochote kwa mtu yeyote. Katika darasa kama hili vitabu ni vya kushirikiana, mkebe mmoja wa Hisabati unazunguka dawati hadi dawati, na kalamu ikiisha wino mtu anamgeukia jirani. Kila akifungua mdomo, "naomba rula", "naomba kuuliza", "naomba kupita", kuna kiganja kilichonyooshwa mahali fulani na mtu anayebana kicheko. Akaamua kutoomba.

Wiki chache baadaye mwalimu wa darasa alikuwa akisahihisha zoezi la kugawa pembe kwa kompasi. Msichana huyu, ambaye kwa kawaida alikuwa miongoni mwa kumi wa juu, alichora mistari yote kwa mkono mtupu na kupata sifuri. Mwalimu hakuandika "zembe" pembeni ya daftari. Alimsubiri saa ya kutoka, wakaongozana kuelekea geti, akamuuliza: "Mbona hukuazima kompasi?"

"Nikiomba wananicheka, madam."

Yule kijana alifanya nini, hasa?

Ukimuuliza atakujibu upesi: ni utani tu. Na katika nchi yetu jibu hilo lina uzito, kwa sababu utani si jambo la mtaani tu. Ni taasisi. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali miaka ya 1878 hadi 1882, na wajukuu wa wapiganaji wale leo wanakaribishana kwa kejeli. Wapare na Wachaga hawana habari ya kuoneana haya. Watafiti wa mila wa karne iliyopita waliandika kurasa nyingi kuhusu desturi hii ya kuruhusiwa kumvunjia mwenzako heshima bila yeye kukasirika, na sisi wenyewe tunajivuna kwamba imetusaidia kuishi makabila zaidi ya mia moja bila kuchinjana. Nakubaliana na majivuno hayo.

Lakini tuutazame utani wenyewe unavyokwenda. Mtani anakusema, nawe unamsema. Akija msibani kwako anaweza kuigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke, na mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe kaburini na kuhangaikia maji ya wageni. Haki yake ya kukudhihaki ameinunua kwa wajibu wa kukuzika. Aidha watani wanajuana: kila mmoja anajua ni nani kwa nani, na mpaka uko wapi.

Kiganja cha yule kijana hakikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Msichana hakuweza kumjibu, kwa sababu alikuwa amesimamishwa peke yake mbele ya watu sabini na mwalimu akisubiri jibu la swali jingine. Kijana hana wajibu wowote kwake. Ukoo wake na wa msichana hawana historia yoyote. Na tangu siku ile mzaha umekwenda upande mmoja tu. Mwalimu anayetaka kipimo cha haraka atumie hiki: anayetaniwa anaweza kurudisha, na akirudisha watu watacheka vilevile? Kama hawezi, desturi ya utani haihusiki hapa, na mwalimu asiitumie kama kinga.

Chester Pierce, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika mwaka 1970 kuhusu dharau ndogondogo ambazo Wamarekani weusi walikutana nazo kila siku: kila moja ndogo mno kushitakiwa, zote kwa pamoja nzito mno kubebwa. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Derald Wing Sue na wenzake waliipanua kazi hiyo na kutofautisha shambulio la makusudi, tusi lililojificha ndani ya kauli ya kawaida, na kauli inayofuta kile anachokipitia mtu. Mazingira yao ni ya Marekani na ya rangi, na sipendi tuyabebe mazimamazima. Lakini mgawanyo wao unatusaidia kuona kitu ambacho stafu yetu ingekiruka: katika kisa hiki kijana si mkosaji wa kwanza wala wa mwisho. Wa kwanza ni mwalimu, aliyeuliza "njaa ya kule ikoje", tusi lililojificha ndani ya swali la somo. Na wa mwisho ni mwalimu huyohuyo, aliposema "utani baadaye", kauli iliyofuta.

Swali la mwalimu

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu walimu wengi wakisimuliwa kisa hiki wanamrukia kijana na kumsahau mwenzao.

Mwalimu hakukusudia ubaya. Alitaka kulileta somo karibu, jambo ambalo chuoni tunafundishwa kulifanya: anza na anachokijua mwanafunzi. Tatizo ni kwamba hakujua anachokijua mwanafunzi huyu. Binti alizaliwa Dar es Salaam. Mpwapwa, mkoani Dodoma, kwa babu yake, amekwenda mara mbili, zote kwa misiba. Njaa ya Dodoma anaijua kama wanavyoijua wenzake, yaani kutoka kitabuni. Mwalimu alisoma jina kwenye daftari la mahudhurio, akatoka nalo hadi kwenye kabila, kutoka kabila akafika kwenye njaa, kisha akamtaka mtoto wa miaka kumi na minne asimame kuwa msemaji wa vyote hivyo.

Serikali yenyewe haijawauliza raia kabila lao katika sensa tangu ile ya 1967. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa misingi mingi, na ndani yake yamo kabila, mila, lugha, na hata kama ametoka mjini au kijijini. Sitarajii mwalimu aingie darasani na kitabu cha sheria kwapani. Ninachosema ni kwamba swali la kumhoji mtoto kabila lake mbele ya wenzake ndilo lililofungua mlango, na kijana akapita kwenye mlango uliokwisha kufunguliwa na mtu mzima. Watoto wanasoma ruhusa upesi sana. Mwalimu akisema "nyinyi Wachaga na hela", au "Msukuma huyu kwa mwili huu atakosa kubeba madawati?", anadhani anachangamsha kipindi. Darasa linasikia kwamba mchezo umeanza.

Angeweza kuuliza kwa namna nyingine bila kupoteza ladha yoyote ya somo: "Nani amewahi kuishi au kutembelea sehemu yenye mvua chache? Aliona watu wanalima nini?" Mwenye la kusema angejitokeza mwenyewe. Pengine angekuwa mtoto aliyekulia Same, au Manyoni, au aliyekwenda likizo Lodwar, kule Kenya, kwa shangazi. Pengine angekuwa msichana wetu, kwa hiari yake.

Sekunde kumi baada ya kicheko

Tuseme swali limekwisha kutoka na kicheko kimelipuka. Mwalimu afanye nini hapo hapo?

Miongozo mingi inashauri amgeukie msemaji na kumwambia: hebu fafanua, una maana gani? Ushauri huu ni mzuri kwa watu kumi na tano waliokaa duara. Anayelazimika kueleza kejeli yake huigundua inavyonuka. Katika darasa la watu sabini ninauogopa. Kijana mchekeshaji ukimwomba afafanue umempa jukwaa la pili, na atalitumia: "Nilikuwa naigiza tu, sir, hata TV wanaigiza." Kicheko cha pili kitakuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na msichana bado amesimama.

Ninachopendekeza kwa madarasa yetu ni kifupi zaidi. Kwanza msichana akae. Hiyo itangulie kabla ya neno lolote kwa kijana, kwa sababu kila sekunde aliyosimama ni sekunde ya maonyesho. Kisha sauti ya kawaida, bila kupaza, bila kutabasamu: "Hapana. Darasani kwangu hatumfanyi mtu kichekesho kwa sababu ya kwao. Tutaongea baada ya kipindi." Halafu, bila kupumzika, kurudi ubaoni na kubeba lawama yake mwenyewe: "Na mimi swali langu lilikuwa baya. Dodoma haina watu wa njaa. Ina mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Swali ni hili: wewe ungepanda nini hapo?"

Maneno haya yanafanya kazi tatu kwa pamoja. Yamemwondoa mtoto kwenye macho ya watu, yameweka mpaka unaosikika na wote waliocheka, na yamerudisha akili kwenye somo. Hayakumtaja msichana wala kabila lake. Hilo ni la lazima. Mwalimu mwenye huruma hupenda kusema "msimtanie mwenzenu, Wagogo ni watu wazuri tu", na hapo anakuwa amemvisha mtoto bango jipya akidhani anamvua la zamani.

Nisisitize kuhusu tabasamu. Wengi tunatabasamu kwa aibu, mwili unatafuta njia ya kuipoza hali. Lakini mwanafunzi aliyesimama haoni aibu ya mwalimu. Anaona meno.

Majibu matatu yaliyozoeleka, na kwa nini siyapendekezi

La kwanza ni fimbo. Kisa hiki kilipofika stafu, pendekezo la haraka lilikuwa kijana achapwe. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua yeye, viboko visizidi vinne, na vinaandikwa kwenye daftari. Mwalimu wa Jiografia kumtandika hapo hapo ingekuwa kosa. Lakini hata ingekuwa halali, tazama ingemfikisha wapi msichana. Kijana angetoka ofisini akijipapasa, na darasa zima lingejua amechapwa kwa ajili ya nani. Jina lingebadilika kutoka Matonya kuwa Matonya mchongezi. Watoto wengi wanaodhihakiwa wananyamaza kwa sababu wanajua njia hii inakoishia.

La pili ni kupeana mikono. "Njooni mbele. Muombe msamaha mwenzako. Na wewe, umemsamehe? Haya, shikaneni mikono, yamekwisha." Tunalipenda jibu hili kwa kuwa linafanana na usuluhishi wa wazee, ila wazee hawasuluhishi hivyo. Wao humsikiliza kwanza aliyeumia, peke yake, kwa muda mrefu, na hawamwiti barazani mpaka awe tayari. Hapa mtoto analazimishwa kusamehe hadharani kabla hajaulizwa ameumia wapi. Akikataa, yeye ndiye anakuwa mwenye roho mbaya.

La tatu linatoka kwa walimu wenye nia njema zaidi. Mwalimu mmoja alijitolea kusimama paredi ataje Wagogo wakubwa: John Malecela, aliyekuwa waziri mkuu miaka ya 1990 hadi 1994, mtemi Mazengo, na mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyepeleka ala za ilimba na zeze Ulaya na kote duniani. Hawa wote wanastahili kutajwa, na natamani kila mtoto wa Kitanzania amsikilize Zawose angalau mara moja. Lakini siyo kama jibu la kiganja kile. Ukimjibu mwenye dhihaka kwa orodha ya vigogo, unakubali kwamba heshima ya mtoto inategemea waliofanikiwa katika kabila lake. Na kabila ambalo halijatoa waziri mkuu je?

Pia kuna utetezi mmoja unaoponyoka midomoni bila mtu kufikiri: "Mbona baba yake ana kazi nzuri, huyu si ombaomba." Katika darasa la watu sabini Dar es Salaam anaweza kuwemo mtoto ambaye bibi yake anakaa na kopo mbele ya msikiti siku ya Ijumaa. Huwezi kumwokoa mmoja kwa kumkanyaga mwingine.

Mazungumzo na kijana

Aliitwa peke yake na mwalimu wa darasa, siku iliyofuata baada ya yale maongezi ya kuelekea geti. Hakusimamishwa. Alikaa kwenye kiti kama mtu. Hakuulizwa "kwa nini ulifanya vile", kwa sababu swali hilo huzaa "samahani, madam" lisilo na maana yoyote. Aliulizwa aeleze hatua kwa hatua: ulifanya nini kwa mkono, ulisema nini, waliocheka ni akina nani, msichana alifanya nini baada ya hapo. Kijana alipofika hapo pa mwisho hakuwa na jibu. Hakuwa amemtazama.

Mwalimu akamwambia habari ya kompasi, baada ya kumwomba msichana ruhusa. Sehemu hii naiona kuwa nzito kuliko karipio lolote. Hakumwambia "umemuumiza", neno ambalo mtoto wa umri ule analisikia kama hotuba ya kanisani. Alimwonyesha matokeo: mwenzako amepata sifuri katika zoezi analoliweza, kwa sababu hawezi kusema naomba. Kijana aliuliza, "Kwa sababu ya ile tu?" Ndiyo. Kwa sababu ya ile, na ya bombani, na ya foleni ya uji, na zile ambazo si wewe uliyezifanya lakini ni wewe uliyezianzisha.

Alipewa kazi moja: marafiki zake wakilitumia lile jina, yeye ndiye awaambie waache. Hakutakiwa kutoa taarifa kwa mwalimu wala kumwendea msichana. Ni kazi ngumu kuliko kufyeka nyasi, na inafaa, maana inamdai kijana atumie umaarufu uleule aliouchezea vibaya.

Somo lililosahihisha somo

Mwalimu wa Jiografia, ambaye kwa kweli aliumia alipoelezwa, alitaka kufanya zaidi ya kuomba radhi. Walikaa na mwalimu wa Historia wakapanga vipindi viwili. Hapa naona ndipo shule ilipofanya kazi ya shule.

Wagogo wana jina la njaa kuu ya miaka ya 1917 hadi 1920: Mtunya. Mvua ilikosekana, kweli, lakini ukame katika Ugogo ulikuwepo siku zote na watu walikuwa na namna za kuukabili: ng'ombe wa kuuza au kubadilisha na nafaka, akiba ya mtama na uwele, ndugu wa mbali wa kukimbilia. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyozikata namna hizo. Jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza waliolifukuza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua ilipogoma hapakuwa na kitu cha kuuza wala mikono ya kulima. Homa kubwa ya mafua ya 1918 ikawakuta watu tayari wamekwisha. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 hivi wa eneo lile.

Mwanafunzi anayejua hayo hawezi tena kusema "wavivu wale" kwa urahisi uleule. Na hakuambiwa awaonee huruma Wagogo. Ameonyeshwa jinsi njaa inavyotengenezwa, jambo lililomo katika mada zenyewe za Jiografia na Historia. Kipindi cha pili kilihusu leo: mtama na uwele vinavyovumilia jua, alizeti, mifugo, na zabibu ambazo Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Na likaulizwa swali la kweli ambalo kiganja cha kijana kililipita juu juu: kwa nini watu wa vijijini wanakuja kuomba mjini, na kwa nini si wa mkoa mmoja tu? Wanafunzi walijadili hadi kengele ikapigwa. Msichana hakuchangia, na hakuna aliyemtazama akisubiri achangie. Naona hayo ni mafanikio pia.

Kabla ya vipindi hivyo mwalimu wa Jiografia alisema mbele ya darasa: "Kipindi kile nilimwita mtu kwa kukisia kabila lake, na mlipocheka nikawaacha. Sikutakiwa kufanya lolote kati ya hayo mawili." Sentensi mbili, kisha akafungua kitabu. Wapo wenzake waliomwambia ameshusha hadhi ya ualimu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kosa lake lilifanyika hadharani. Kulimaliza kwa kumnong'oneza msichana ofisini kungeliacha darasa na somo la kwanza pekee.

Palipobaki pagumu

Jina halikufa siku moja. Katika mkondo wa pili, ambako mazungumzo haya hayakufika, liliendelea hadi mwisho wa muhula. Mwalimu wa darasa alibadilisha utaratibu wa mikebe: badala ya kila mtu kuomba kwa jirani, mikebe iliyopo inawekwa mezani mwanzoni mwa kipindi na monita anaigawa kwa safu. Ni jambo dogo la mpangilio, lakini lilimpa msichana kompasi bila kufungua mdomo, na likawasaidia wengine ambao nao, ilibainika, walikuwa hawaombi kwa sababu zao. Msichana mwenyewe ameanza kuazima tena, kwa marafiki wawili tu. Kunyoosha mkono bado.

Mkuu wa shule aliliweka suala hili kwenye kikao cha walimu. Walikubaliana upesi kwamba hakuna mwanafunzi atakayeulizwa kabila darasani wala kusimamishwa kuwa shahidi wa mkoa wake. Ubishi ulikuja kwa walimu wenyewe, wanaoitana "Mchaga", "Mhaya", "Msukuma" kwa sauti kubwa varandani, wanafunzi wakipita na madaftari. Wengine walisema huo ndio utani halisi, wa watu wazima wanaojuana na kurudishiana, na usiguswe. Mwalimu wa darasa alisema anaukubali, ila uishie ndani ya mlango wa stafu, kwa sababu mtoto anayeusikia varandani anabeba maneno bila kubeba ule ujuano. Kikao kilifungwa bila muafaka kuhusu hilo, na suala limewekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho.